Gari la Waya na Farasi wa Damu Safi

Apitaye Kilakala asubuhi, mvua ya usiku ikiwa imekatika na mawingu yangali yamelalia mabega ya Uluguru, huenda akasikia mkwaruzo mwembamba wa waya juu ya changarawe. Ni mtoto, anaendesha gari. Bodi yake ni waya wa kuokota. Magurudumu yamekatwa katika kandambili zilizochakaa. Na waya mmoja mrefu unapanda kutoka kwenye ekseli ya mbele hadi kifuani mwa dereva, ambako umekunjwa duara ukawa usukani. Usukani ukizungushwa kushoto, magurudumu hugeukia kushoto. Hapo ndipo pa kusimama na kutazama. Mtoto huyu angeweza kutosheka na sura, akalifunga gari lake kamba na kulikokota. Amekataa. Ametaka likate kona kama lile lori analoliona kila siku barabarani, na kwa ajili hiyo imembidi alisome lori: akisie kilichofichika chini yake, atambue lipi la lazima na lipi la urembo tu.

Watu wazima huuita huo mchezo, kisha huenda zao. Lakini mchezo uo huo, ukipewa chuma badala ya waya na miaka badala ya alasiri moja, huwa kazi ya maisha ya watu. Katika mji wa Paraná, nchini Argentina, kuna karakana iliyojipatia jina kwa kuunda upya, kwa mikono, magari ya mbio ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, na hasa Bugatti Type 35.

Gari la asili lilitengenezwa Molsheim, katika jimbo la Alsace, na Ettore Bugatti, mtoto wa fundi samani wa Milano na kaka wa mchongaji wa sanamu za wanyama. Pengine ndiyo sababu gari lile linapendeza hata likiwa limesimama. Lilishindana kwa mara ya kwanza Lyon, Agosti 1924, na siku hiyo halikung'ara: matairi yake yaliambuka ngozi njiani, kama kandambili ziambukavyo katika mteremko. Kisha likaamka. Kuanzia 1925 hadi 1929 magari ya Bugatti yalishinda Targa Florio miaka mitano mfululizo, katika milima ya Madonie huko Sicilia, kwenye njia nyembamba yenye kona zisizohesabika ambayo mtu wa Uluguru angeielewa bila kuelezwa. Mwaka 1928 alikuwapo mwanamke kutoka Chekoslovakia, Eliška Junková, aliyeichunguza njia ile kabla ya mashindano na kuzihifadhi alama zake kichwani. Akamaliza wa tano, nyuma yake wakibaki wanaume wengi wenye majina.

Kulinakili gari la namna hiyo si kuchora rejeta yenye umbo la kiatu cha farasi na kupaka rangi ya buluu. Gurudumu lake ni la alumini iliyosubiwa, spoki nane bapa na ngoma ya breki vikiwa kitu kimoja. Ekseli ya mbele ina uwazi ndani, na springi zimepenyezwa katika matundu ya mraba yaliyofuliwa humo humo. Krenki ni ya vipande vilivyounganishwa, inazunguka juu ya beringi za gololi na za rola. Anayetaka kuyarudia hayo hana budi kutengeneza kalibu, kusubu, kufua, kukereza, kukosea na kuanza tena. Mchoro humwonyesha kipimo. Haumwonyeshi kiasi cha moto wala uzito wa nyundo. Hayo walikuwa nayo mikononi watu ambao wengi wao hawakuandika chochote, nao wamekwisha kufa.

Karakana hiyo inaitwa Pur Sang, yaani farasi wa damu safi, sifa ambayo Bugatti mwenyewe aliyapa magari yake. Nakala kujiita damu safi! Wako wanaochukizwa na jina hilo, na hawakosi hoja, maana nakala ikivishwa namba ya chasisi ya gari lililokufa, kisha ikauzwa kama asili, huo ni wizi. Lakini nakala inayosema wazi kwamba ni nakala haimwibii mtu. Washairi wanaijua kesi hii kwa jina jingine, tafsiri. Mwalimu Nyerere alichapisha Kiswahili chake cha tamthilia ya Shakespeare juu ya Kaisari mwaka 1963. Mwaka 1969 akaitoa tena ikiwa imerekebishwa, hata jina likawa Juliasi Kaizari. Huyo ni fundi aliyelirudisha gari karakanani kwa kuwa amesikia mlio usiompendeza.

Na sisi wa pwani tunao mtepe. Jahazi lile la mbao zilizoshonwa kwa kamba za kumbi lilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulipoundwa mtepe mwingine ili uwekwe Beit el Ajaib, Unguja, hakukuwa tena na mshonaji aliyeurithi mshono huo kwa baba yake. Ilibidi mikono ifundishwe na mifano midogo iliyosalia katika makumbusho. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jumba lenyewe ikaporomoka.

Siku hizi magari ya plastiki yanauzwa kila duka la Morogoro, yana rangi na mengine yanapiga muziki. Yakivunjika hutupwa, kwa kuwa mwenye nalo hajui lilivyounganishwa. La waya nalo huvunjika, na mara nyingi zaidi. Likigonga jiwe kwenye mteremko wa Kilakala, ekseli hupinda na gari likaanza kuvutia upande mmoja. Dereva huchuchumaa, akaling'oa gurudumu la kandambili, akaulaza waya juu ya jiwe lile lile lililomkosesha, akautwanga kwa jingine, akaufumbia jicho moja kuona kama umenyooka. Bado. Akautwanga tena.