Visikizi na Sauti Ndogo

Jicho lina kope, na kinywa kina midomo. Mtu asiyetaka kuona hufumba macho, na asiyetaka kusema hufunga kinywa. Lakini sikio halikupewa mlango. Liko wazi mchana na usiku, hata mwenyewe alalapo. Kwa sababu hiyo, msomaji, mtu anunuaye kifaa cha kuliziba sikio na kulichagulia sauti amenunua jambo kubwa kuliko anavyodhani siku anapolipa fedha zake. Mimi nimenunua visikizi vya namna hiyo, yaani zile spika ndogo za kutiwa masikioni, navyo vina miaka miwili mkononi mwangu. Nataka kukueleza vilivyo, jinsi nilivyovizoea, na mambo viliyonifunza, maana nadhani wewe nawe unavyo vya jamii hiyo, au unatamani kuwa navyo.

Kwanza nikuonyeshe mahali ninapokaa. Langas iko upande wa kusini wa mji wa Eldoret, kando ya barabara iendayo Kapsabet na Kisumu. Ni mtaa wa watu wengi na makabila mengi: Waluhya, Wakikuyu, Wakalenjin, Wajaluo, Wakisii na wengineo huishi ukuta kwa ukuta chini ya mabati. Kunapopambazuka, makondakta wa matatu huanza kuita abiria wa mjini. Mashine ya kusaga mahindi huunguruma. Mafundi wa jua kali hugonga mabati mpaka yakawa masanduku. Bodaboda hupiga honi. Na jioni makanisa matatu yaliyo karibu nami hupaza ibada kwa vipaza sauti, kila moja likijitahidi kulishinda jingine. Sizilaumu sauti hizi. Ni sauti za watu wanaotafuta riziki na rehema. Lakini mwalimu aliyeshinda mbele ya watoto sitini hurudi nyumbani na kichwa kilichojaa, naye bado ana madaftari ya kusahihisha.

Nilipokuwa chuo cha ualimu, mkufunzi wetu wa muziki alitufundisha kuusikiliza wimbo mmoja mara nne. Mara ya kwanza tulifuata sauti ya kwanza peke yake, mara ya pili sauti ya pili, na hivyo hivyo mpaka ya nne. Zoezi hilo lilinipendeza sana, lakini katika chumba changu cha Langas halikuwezekana. Visikizi vya bei rahisi vinavyouzwa juu ya meza za barabarani huacha kelele za nje zipenye, na mvaaji hulazimika kuongeza sauti ili azishinde. Basi ilipofika zamu yangu katika chama chetu cha akiba, nilimpa fedha jirani mmoja ambaye ni mwanariadha, naye aliporudi kutoka mashindano ya ng'ambo aliniletea visikizi viitwavyo Etymotic ER4. Bei yake ilizidi nusu ya mshahara wangu wa mwezi. Rafiki zangu walicheka, wakasema kwamba kwa fedha hizo ningepata redio kubwa ya kutikisa ploti nzima. Niliwajibu kwamba debe tupu haliachi kuvuma.

Kampuni ya Etymotic ilianzishwa Marekani mwaka 1983 na Mead Killion, mtaalamu wa elimu ya kusikia, na kisikizi cha kwanza cha jina la ER-4 kilitoka mwaka 1991. Ndani yake hamna spika ya kawaida. Mna kijiti chembamba cha chuma kilichowekwa katikati ya sumaku, na kando yake pamezungushwa waya. Umeme wa muziki upitapo katika waya, kijiti hutikisika, na mtikisiko huo husukuma kiwambo chembamba kinachotoa sauti. Mtambo wa asili hii ulitumika tangu zamani katika simu na katika vifaa vya kuwasaidia watu wenye masikio mazito. Tazama, basi, jinsi chombo cha anasa kilivyo mtoto wa chombo cha huruma: maarifa yaliyotafutwa kwa ajili ya wasiosikia yalikuja kuwapa furaha wanaosikia.

Sasa nije katika habari ya kuvizoea. Kila kisikizi kina mpira laini wenye vikuta vitatu, kimoja kikubwa kuliko kingine, nao huingia ndani ya sikio kuliko ulivyotazamia. Hutiwa kwa adabu: mpira hulowanishwa kidogo, mkono mmoja hulivuta sikio juu na nyuma, na mkono wa pili hukisukuma kisikizi taratibu. Kutoa kunataka utaratibu zaidi, kwa maana kukichomoa kwa ghafula kunaweza kukiumiza kiwambo cha sikio. Juma la kwanza lilikuwa la taabu. Masikio yaliwasha. Nilipotafuna mkate nilisikia kama farasi anayetafuna mahindi kichwani mwangu. Nilipotembea, nyayo zangu zilidunda kama mchi katika kinu. Na waya ulipogusa nguo ulikwaruza kama panya darini. Nao muziki wenyewe ulionekana mkavu, hauna kishindo. Masikio yaliyolelewa na matatu huamini kwamba pasipo ngoma ya kutikisa kifua hapana wimbo.

Juma la tatu mambo yaligeuka. Kifaa kilikuwa kile kile, na nyimbo zile zile. Sikio langu ndilo lililotulia. Kwa kuwa mpira huzuia zaidi ya desibeli thelathini za kelele za nje, makanisa yale matatu yalisogea mbali kama ng'ambo ya bonde, hata mvua juu ya mabati ikawa mnong'ono. Haikunipasa kushindana na kitu. Nilipunguza sauti, kisha nikaipunguza tena, na kadiri nilivyopunguza ndivyo nilivyosikia zaidi: mwimbaji akivuta pumzi kabla ya neno, kidole kikiteleza juu ya uzi wa gitaa, mtu wa nne wa kwaya akishuka polepole chini ya wenzake. Thamani ya visikizi hivi, msomaji, haimo katika ukubwa wa sauti. Imo katika udogo wake.

Chukua mfano mmoja wa karibu na kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi nyimbo za wenyeji, alifika katika nchi ya Wakipsigis, akawarekodi wasichana wakiimba wimbo uitwao Chemirocha. Jina hilo ni la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa mwaka 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika katika vilima vya chai, na watu waliomsikia pasipo kumwona walimfanya kiumbe wa ajabu, nusu mtu na nusu paa. Nilikuwa nimeusikia wimbo huo kwa simu mara nyingi, nikauona kama uvumi wa nyuki. Kwa visikizi nilisikia nyuzi za kinubi zikichezwa moja moja, na sauti za wasichana zikikaribiana na kuachana, mmoja akitangulia kidogo, wenzake wakimfuata. Zaidi ya miaka sabini imepita tangu siku ile. Nilikaa kitandani Langas, nikasikia pumzi zao.

Lakini kuna kuzoea kwa pili, kuliko kugumu kuliko kule kwa ngozi ya sikio, na hapo ndipo nilipotaka kukufikisha.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu wa nchi yetu waligeukiana. Watu zaidi ya 1,100 walikufa Kenya nzima, na mamia ya maelfu walihama makwao. Eldoret na viunga vyake viliteswa sana, na Langas haikusalimika. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Usiku mmoja wa Januari 2008 tulikuwa tumelala na nguo zetu, kama kila mtu, tukisikiliza. Kulikuwa na makelele mbali, na milio ya bunduki. Lakini sauti iliyotuokoa haikuwa mojawapo ya hizo. Ilikuwa ukucha juu ya kioo cha dirisha. Mzee jirani yetu, mtu wa kabila jingine, aliweka mdomo karibu na ufa, akanong'ona maneno matatu: "Amkeni, tokeni sasa." Tulipita njia ya nyuma. Kulipopambazuka nyumba ile haikuwapo. Sina haja ya kukutajia kabila langu wala lake. Yatosha ujue kwamba kama redio ingalikuwa ikiimba chumbani, nisingalikuwapo leo kukuandikia.

Mama yangu hakuwasha redio usiku tena mpaka alipohamia kijijini. Nami kwa miaka mingi nililala kama mlinzi, sikio moja mlangoni. Utaelewa, basi, kwamba usiku wa kwanza nilipotia visikizi na dunia ikanyamaza, sikufurahi. Moyo ulinienda mbio. Niliviondoa, nikasikiliza, nikavirudisha, nikaviondoa tena. Kuziba masikio katika mtaa ule ule kulinitaka niwaamini watu wa upande wa pili wa ukuta, na imani hiyo haiuzwi dukani pamoja na kifaa.

Nilifanya hivi. Nilimwendea jirani yangu wa ukuta mmoja, mama mwenye watoto watatu, nikamwambia: "Mama, jioni huwa naziba masikio nikisikiliza nyimbo. Ukinihitaji usiniite, gonga ukuta." Kitanda changu kimeuegemea ukuta huo, na mgongo husikia hata sikio lisiposikia. Alicheka, akasema kwamba walimu wana mambo. Lakini miezi minne baadaye, yapata saa nne usiku, ukuta uligongwa. Mtoto wake mdogo alikuwa akihema kwa shida. Tulimpata mtu wa bodaboda, tukampeleka hospitali, na kabla ya alfajiri mtoto alipewa dawa na kutulia. Tangu usiku huo moyo wangu hauendi mbio nivaapo visikizi. Jirani anajua jinsi ya kunifikia, nami najua kwamba atanifikia. Wahenga walinena kwamba heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali.

Nimejiwekea sheria tatu, nawe waweza kuzichukua pasipo malipo. Sivai visikizi barabarani, maana lori litokalo Kisumu halina habari na wimbo wangu. Sivivai mbele ya mtu, hata kama ni mtoto aliyekuja kuazima kiberiti, kwa sababu kumzibia mtu masikio ni kumwambia kwamba hayupo. Na kila Jumapili navisafisha: naifuta mipira, na vichujio vilivyozibwa na nta ya sikio navibadilisha. Kitu cha thamani kisichotunzwa hugeuka hasara.

Yako la nne, nalo ni lako kuliko langu. Ndani kabisa ya sikio kuna kiungo chenye umbo la konokono, na ndani yake seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo vidogo mno. Sauti ikifika, vinyweleo huyumba kama majani ya ngano katika mashamba ya Uasin Gishu, na ubongo hupata habari. Upepo mwema huyainamisha majani na kuyaacha yasimame tena, dhoruba huyalaza. Lakini mkulima hupanda ngano nyingine mwaka ujao, na seli hizi za mwanadamu zikifa haziotai tena. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa juma. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda hukatwa nusu: kwa 83 ni saa 20, kwa 86 ni saa 10. Fanya hesabu mwenyewe mpaka ufike 100, ndipo utaona kwamba hata nusu saa hupati kwa juma zima. Shirika hilo hilo limeonya kwamba vijana zaidi ya bilioni moja ulimwenguni wamo katika hatari ya kupoteza usikivu kwa mazoea haya.

Huenda huna fedha za visikizi kama vyangu, wala sikushauri uzitafute. Uwezo mkubwa wa visikizi hivyo unao bure: nenda mahali patulivu, punguza sauti, ungoje. Sikio litalalamika siku chache kama tumbo la mtu aliyepunguza chumvi, kisha litaanza kuonja. Sikio lililozoea sauti ndogo litakufaa darasani, litakufaa kwa mzazi anayeumwa asiyetaka kukusumbua, na kwa rafiki asemaye "sijambo" kwa namna isiyo ya sijambo. Wapigao kelele watasikiwa hata usipojitahidi. Aliye dirishani akinong'ona hana msaada mwingine ila sikio lako.