Hakuna Mstari wa Sika

Waya wa MIDI haubebi sauti. Watu wanaoniletea vinanda vyao niwaunganishie na kompyuta huwa hawaamini nikiwaambia hivyo. Wanaona waya umetoka nyuma ya kinanda, umeingia kwenye kompyuta, na muziki unalia kwenye spika. Sasa sauti imepita wapi? Haikupita. Kilichopita ni maagizo tu: noti namba 60 imebonyezwa, kwa nguvu ya 94, sasa imeachiwa. Ni kama mtu akupigie simu akutajie mapishi ya biriani. Harufu haiji kwa simu, na biriani itakavyotoka ni shauri la jiko lako.

Jiko ndiyo sinthesaiza, iwe ile ya kubonyeza kwa vidole au programu iliyomo ndani ya kompyuta. Kwenye zile za mtindo wa zamani, kuna sehemu inayozalisha wimbi ghafi, sauti kali kama ya nyuki aliyefungiwa kwenye kopo. Wimbi hilo linapita kwenye chujio linaloondoa ukali, kidogo au mwingi, upendavyo. Kisha kuna sehemu inayoamua sauti izaliwe na kufa vipi: ianze ghafla kama udi unapodonolewa, au ivimbe polepole kama fidla. Maagizo yaleyale niliyorekodi jana kwa sauti ya piano, leo naweza kuyapeleka kwenye sauti ya nai bila kurudia kupiga hata noti moja. Huo ndio utamu wake, na mimi nimeufaidi miaka mingi.

Lugha hii ilitoka mwaka 1983. Dave Smith wa Marekani na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland ya Japani, walisukuma wazo kwamba mashine za kampuni mbalimbali zizungumze lugha moja, na mwaka huo kinanda cha Sequential kikaunganishwa na cha Roland mbele ya watu. Wakazipa noti namba, kuanzia 0 hadi 127. Do ya kati ni 60, Re ni 62, bemoli ya Mi ni 63, Mi ni 64. Baina ya 63 na 64 hakuna namba.

Hapo ndipo anapoingia mjomba wangu.

Mjomba amepiga fidla Unguja zaidi ya miaka arobaini, na siku hizi vidole vya mkono wa kushoto vinamgomea. Ana nyimbo zake mwenyewe ambazo hazijawahi kurekodiwa popote. Kuna kikundi cha vijana hapo mtaani Ng'ambo wanaotaka kuzipiga, nao wana vinanda, hawana fidla. Basi akaniita kutoka Dar. "Niandikie kwenye mashine yako, mwanangu, vijana wazipige hata mimi nikiwa sipo."

Kurekodi fidla yenyewe hakukuwa na tabu. Hiyo ni sauti hasa: inaingia kwenye maikrofoni, kadi ya sauti inapima wimbi mara 44,100 kwa sekunde, na kompyuta inahifadhi chochote kilichopigwa, hata kikohozi cha jirani. Kazi ilikuwa kuziandika nyimbo kwa MIDI ili vijana wapate kuzifungua, kuzipunguza mwendo na kujifunza. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa Rast. Nikapiga kwenye kinanda, mjomba amekaa kitandani anasikiliza.

"Hiyo si sika," akasema. "Hiyo Mi. Sika iko chini."

Nikashuka kwenye kibonyezo cheusi.

"Umepita. Rudi juu."

"Baina yao hakuna kitu, mjomba."

"Kwenye mashine yako hakuna. Kwenye fidla ipo."

Anayejua programu za kurekodia anaijua ile picha: kushoto kuna kinanda kilichosimamishwa wima, na kila kibonyezo kina mstari wake unaokwenda kulia. Noti zako zinakaa kwenye mistari hiyo kama nguo kwenye kamba. Sika, ile Mi iliyoshushwa karibu robo toni, haina kamba ya kuanikwa.

Njia ipo, lakini ni ya kuzunguka. MIDI ina agizo la kupinda sauti, lenye hatua 16,384, katikati ikiwa 8192. Kwa mpangilio wa kawaida, kupinda kote kwa upande mmoja ni toni nzima, kwa hiyo robo toni chini ni 6144. Tatizo ni kwamba agizo hilo linapinda kila kilichomo kwenye chaneli hiyo. Ukishika Do na sika pamoja, Do nayo inashuka, inalia kama santuri iliyokaa juani. Bahati chaneli ni 16, kwa hiyo niliziweka noti zilizonyooka kwenye moja na za robo toni kwenye nyingine. Yamaha na Korg hutengeneza vinanda kwa ajili ya muziki wa Kiarabu, vyenye vitufe vya kushusha noti unayotaka. Vizuri sana, ila mara nyingi ushushaji huo hubaki ndani ya kinanda. Maagizo yanayotoka kwenye waya bado yanasema 64, na kompyuta nyingine ikiyapokea inapiga Mi ya kawaida, tena bila haya.

Wako watakaosema nakuza jambo dogo. Taarab ya leo karibu yote inapigwa kwa kinanda kilichonyooka na watu wanacheza mpaka alfajiri. Ni kweli, na wala ugomvi huu haukuanza na kompyuta. Kwenye mkutano wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932 wataalamu walibishana kuhusu piano na robo toni. Akodiani ya kawaida nayo ina toni zake kumi na mbili, na imo kwenye taarab yetu siku nyingi. Lakini mpiga akodiani alikaa kando ya fidla na kanuni. Sika ikifika alijua kunyamaza na kuwaachia wenyewe. Kompyuta hainyamazi.

Nililiona hilo wale vijana walipopeleka wimbo mmoja studio, Dar, mjomba akiwa ameuimba mwenyewe. Programu za kunyoosha sauti zinavuta kila noti kwenye mstari ulio karibu, na mtu wa studio aliiwasha kwa nia njema kabisa. "Mzee alitoka nje ya ufunguo kidogo," aliwaambia, "lakini nimemnyoosha." Mjomba aliusikiliza kwenye simu hadi mwisho.

"Huyu nani?" akauliza.

Hakuwa anatania. Sauti aliitambua, mwimbaji hakumtambua. Vijana walikwishaanza kujifunza kutoka kwenye toleo hilo, na mmoja akawa anamwambia mjomba, kwa heshima zote, kwamba pale kwenye ubeti wa pili anakosea.

Tangu siku ile kila faili la MIDI ninalowapa linaambatana na fidla tupu ya wimbo huohuo, bila kunyooshwa, na karatasi inayoonyesha chaneli ipi imeshushwa na kwa kiasi gani. Kazi imekuwa ndefu kuliko nilivyotegemea, maana nilipoipima sika ya mjomba sikuikuta kwenye 6144. Wimbo ukipanda, inasogea juu kidogo. Ukishuka, inashuka nao, na zaidi anapokaribia kutua kwenye Do. Nimemuuliza kama anafanya makusudi, akasema yeye anapiga sika tu. Kwa hiyo naziingiza moja moja, kila sika na namba yake. Wimbo wa dakika nne unanila siku mbili. Tumemaliza saba, zimebaki tano, na Jumamosi navuka tena.