Namba Kwanza, Msumeno Baadaye

Mwaka jana tulimzika mzee mmoja aliyekuwa mtunza ghala wa karakana ya mabomba katika eneo la viwanda la Nakuru, kazi aliyoifanya kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi waliomsindikiza, na jioni, watu walipokuwa wamekaa matangani kwake hapa Section 58 wakinywa chai, kijana mmoja mhandisi, mjukuu wa jirani, akaniuliza kwa adabu, "Babu, marehemu alikuwa akifanya kazi gani hasa?" Nikamwambia alikuwa akitunza mabomba. Akatafakari kidogo, akasema, "Siku hizi hiyo ni kazi ya programu." Hakukusudia ubaya, nami sikumjibu, kwa kuwa matanga si mahali pa mjadala, walakini jibu limenikaa kifuani tangu siku ile, na maadamu nilikuwa karani katika karakana hiyohiyo, meza yangu ikitazamana na dirisha la ghala lake, naona ni haki ya marehemu kwamba liandikwe.

Asiyeijua kazi hii hudhani kwamba bomba ni bomba, naye hana lawama, kwani jicho peke yake humdanganya hata fundi. Lichukue bomba la inchi 6: liwe la skedyuli 40 au la skedyuli 80, kipenyo chake cha nje ni milimita 168.3 vilevile, kwa sababu unene huongezwa kwa ndani. Ukuta wa la kwanza ni milimita 7.11 na wa la pili ni 10.97, na ncha zikiwa zimezibwa vifuniko, yakilazwa ubavu kwa ubavu uani hakuna mwanadamu atakayeyabagua kwa kuyatazama. Fauka ya hayo, hata unene ukijulikana, asili ya chuma chenyewe haionekani. Bomba la A106 gredi B, litumikalo sana katika kazi za mvuke, haliruhusiwi kuwa na kaboni inayozidi asilimia 0.30; lakini lisilojulikana asili yake laweza kuwa na zaidi, likachomelewa leo likapendeza, kisha likapasuka pembeni mwa kiungo baada ya mvuke kuingia. Ndiyo sababu chuma kila kinapoyeyushwa hupewa namba ya tanuri, na namba hiyo huandikwa mwilini mwa bomba, ikafuatana nalo melini na garimoshini pamoja na cheti cha kiwanda kinachoeleza mchanganyiko wa chuma na nguvu zake. Namba hiyo ndiyo nasaba ya bomba: ikipotea, bomba haliharibiki, lakini hapana tena awezaye kulitolea ushahidi.

Ghala la marehemu lilikuwa nyumba ndefu ya mabati yenye dirisha moja la kutolea vitu, na harufu yake naikumbuka kuliko sura za wakubwa wetu wengi. Ilikuwa harufu ya rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ya mafuta meupe ya kukatia hesi, ya magunia ya mkonge yaliyolowa grisi. Na juu ya hayo yote, upepo ulipogeuka, ikaja harufu ya pareto kutoka kiwandani, tamu kidogo na yenye kukereketa koo, enzi zile ambapo maua ya Molo na Kinangop yaliletwa mjini kwa magunia na malori yakapanga foleni. Mwezi wa Januari, vumbi jeupe la magadi lilipopeperushwa kutoka ziwani likatanda juu ya flanji, marehemu alizifuta mojamoja kwa kitambaa, akisema kwamba kitu kisichofutwa hakihesabiwi. Alikuwa mtu mfupi, mwenye koti la kaki lililofuliwa hata likapauka, na kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Kazi alijifunza katika maghala ya reli, na kutoka huko alileta tabia mbili ambazo hakuziacha mpaka alipostaafu: kutomkopesha mtu kalamu, na kutotoa kitu bila sahihi.

Amri yake kuu ilikuwa fupi: namba kwanza, msumeno baadaye. Aghalabu namba ya tanuri huwa karibu na ncha ya bomba. Kwa hiyo bomba la mita 12 likikatwa mara mbili, kipande kimoja huondoka na namba, na viwili hubaki havina kitu. Basi fundi hakuruhusiwa kuwasha moto wala kugusa msumeno kabla hajanakili namba ile juu ya kila kipande kitakachozaliwa, kwa chaki kwanza, kisha kwa tarakimu za chuma zenye ncha butu zisizoumiza bomba, zikagongwa kwa nyundo; hapo marehemu alitoka ghalani na leja kwapani, akaisoma namba kwa sauti, akailinganisha na ya kwenye kitabu, na ndipo aliposema, "Kata." Kadhalika alipaka mstari wa rangi kwa kila gredi, tena alitaka mstari huo uende kutoka mwanzo wa bomba hadi mwisho wake, wala si nchani tu, ili hata kipande cha urefu wa dhiraa moja kisiweze kujificha miongoni mwa vingine.

Na masalio! Hapo ndipo ustadi wake ulipokuwa. Kila kipande kilichobaki baada ya kazi kilirudishwa ghalani, kikawekwa kwenye rafu kwa mpango wa urefu, na kikapewa mstari wake pekee katika leja: kipenyo, skedyuli, urefu, namba ya tanuri, tarehe, na sahihi ya aliyekikata. Hakuandika kamwe kwamba ana mita kadhaa za bomba la inchi 4. Aliandika kwamba ana kipande cha mita tatu na robo, na cha mita mbili, na cha sentimita 80. Kosa lilipotokea hakulifuta, bali alilipigia mstari mmoja wa wino mwekundu, ili kilichoandikwa kwanza kisomeke, akatia sahihi pembeni.

Jioni moja mwenye karakana mwenyewe alikuja na gari, akitaka bomba la inchi 2 la lango la shamba lake, akamwambia dereva alipakie. Marehemu hakubishana. Aliandika hati kama aliyomwandikia kibarua, akakigeuza kitabu, akaonyesha mahali pa kutia sahihi, na tajiri alipokunja uso akamwambia kwa upole, "Bomba ni lako, Bwana mkubwa, hesabu ni yangu." Sisi makarani tulijifanya tunasoma. Tajiri alitia sahihi, na mwezi uliofuata akamwongezea mshahara, si mwingi.

Waliofanya kazi serikalini watautambua mtindo wake, kwa kuwa aliufuata ule wa hati za S13 za kupokelea na S11 za kuombea na kutolea, ambazo walimu wa shule za umma huzijaza hata kupata chaki. Lakini jambo lililotia maana katika ukali wake lilikuwa mvuke wa ardhini wa Olkaria. Nimezitazama tarehe ili nisimpoteze msomaji: visima viwili vya majaribio vilichimbwa huko mwaka 1956, mashine ya kwanza ikaanza kutoa umeme mwaka 1981, ya pili 1982, ya tatu 1985, kila moja ya megawati 15. Tarehe hizo na zikae hapo; katika kumbukumbu yangu Olkaria ni zama moja isiyo na miaka, zama za malori yaliyoteremka Naivasha na kurudi yamejaa vumbi. Karakana kama yetu iliambulia kazi za pembeni tu, vihimili vya kuegemezea mabomba makubwa na mabomba madogo ya kutolea maji, lakini ilitosha kutufungua macho. Bomba la mvuke lenye urefu wa mita 100, joto lake likipanda nyuzi 150, hurefuka kwa takriban sentimita 18. Ndiyo maana mabomba ya Olkaria hayaendi moja kwa moja, bali hukunjwa vitanzi, na vingine vimeinuliwa hata twiga wa Hell's Gate wakapita chini yake. Chuma kinachonyooka na kunywea hivyo hakipaswi kuwa na hata kiungo kimoja cha asili isiyojulikana. Mkaguzi alinyoosha kidole penye kiungo chochote, marehemu akafungua leja, akaufuata mstari, akatoa cheti cha kiwanda kabla chai ya mgeni haijapoa.

Sisemi kwamba zama zile zilikuwa za malaika. Leja ilikuwa moja, na marehemu alipougua malaria karakana iliugua pamoja naye, kwa kuwa hapana mwingine aliyejua rafu ipi ina nini. Panya walikula kadi. Afisi ya juu iliagiza flanji ambazo zilikuwa zimelala ghalani tangu mwaka uliotangulia, kwa sababu aliyeagiza hakupenda kutembea hatua chache kwenda kuuliza. Na siku ya kuhesabu mali yote ya karakana tulilala na njaa, tukisomeana namba kwa taa ya kandili, kila umeme ulipokatika.

Kwa hiyo kompyuta ilipokuja tulifurahi. Iliwekwa katika chumba chenye zulia, na tulivua viatu mlangoni. Hesabu iliyotuchukua siku nzima ikawa tayari kabla hujameza mate. Mnunuzi akaona kwamba elbo zinakaribia kwisha, akaagiza mapema. Mhandisi akapeleka orodha ya vifaa vinavyotakiwa katika mchoro, ikalinganishwa na vilivyopo. Hayo yalikuwa mema, na asiyeyakiri ni mtovu wa shukrani. Lakini aliyeipanga hesabu ile alikuwa mtu wa fedha, na mtu wa fedha hulijua bomba kwa mita na shilingi tu. Leja ya vipande ikageuzwa kuwa safu moja: bomba la inchi 6, skedyuli 40, mita 42. Siku moja fundi akahitaji kipande kimoja cha mita 5. Kompyuta ikasema zipo mita 42. Akatoka uani, akakuta mita 42 kweli, zimekatikakatika, hapana kipande kilichofika mita 3. Likanunuliwa bomba jipya, likakatwa, likazaa masalio mengine, na masalio yakarundikana mpaka yakauzwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa bei ya kilo. Bomba hilo lina kilo 28 na robo kwa kila mita. Anayependa hesabu na aifanye mwenyewe.

Marehemu alipoonyeshwa ile safu, aliitazama kwa muda, akamwuliza kijana aliyeiunda swali moja: "Mita hizi zimeshikana?" Watu walicheka. Hata leo sijasikia swali bora kuliko hilo juu ya jambo hili. Alistaafu muda si mrefu baadaye, na leja zake, kwa kuwa hazikuwa na nafasi katika chumba chenye zulia, ziliuzwa kwa uzani, na karanga za mjini zikafungiwa kurasa zenye mwandiko wake.

Yaliyofuata nayapitia upesi, maana hayana ladha. Mwaka 1994 bomba la mafuta kutoka Nairobi lilianza kazi upande huu wa magharibi, na leo abiria hushuka matatu mahali paitwapo Pipeline, kilomita chache tu kutoka kwetu, bila kuuliza liko wapi. Mwaka huohuo Wajapani wa kampuni ya Denso Wave walitunga msimbo wa QR kwa ajili ya vipuri vya magari, nao baadaye ukafika katika mabomba, umechapwa juu ya karatasi ya kubandika. Ukaungua penye moto wa kuchomelea, ukafutwa na mchanga wa kusafishia chuma, ukafunikwa na rangi, mpaka wenye akili wakarudi kwenye kibati cha chuma kilichofungwa kwa waya. Simu zikachukua mahali pa leja. Uchimbaji wa mvuke ukaanza Menengai mwaka 2011, juu ya vichwa vyetu, na umeme wake ukaingia katika nyaya mwaka 2023. Katikati ya hayo Nakuru ikatunukiwa hati ya jiji, mwaka 2021, na hapa Section 58 nyumba zenye bustani zikapisha ghorofa ambazo maji hayafiki juu.

Kinachonikera si programu. Zipo leo zinazokipa kila kipande mstari wake, pamoja na namba ya tanuri na picha ya cheti, na zinazomshauri fundi akate masalio gani kwanza ili bomba zima lisiguswe. Laiti marehemu angalizipata, angalizipenda, akamkataza kila mtu kuzigusa. Kinachonikera ni kwamba katika karakana niliyoitembelea hivi karibuni, ghala zima linatumia nywila moja, imeandikwa kwa kalamu ya wino juu ya ukuta, hata programu, iliyoundwa kwa uangalifu ikumbuke nani alitoa nini na saa ngapi, inashuhudia kwa uaminifu kwamba mtu mmoja amefanya kila jambo, mchana na usiku, na mtu huyo hayupo. Kipande hukatwa Jumatatu na kuandikwa Ijumaa, kama kitaandikwa. Programu hulijua bomba lililoandikwa tu. Lililokatwa hailijui mpaka mtu aseme, na wa kusema hakuajiriwa.

Kijana yule alidhani kwamba kazi ya marehemu imechukuliwa. Nusu yake imechukuliwa, ile ya kuandika na kujumlisha, na imechukuliwa vyema. Nusu ya pili, ya kusimama kati ya bomba na msumeno, ilidhaniwa imekwenda pamoja na ya kwanza, na haikukabidhiwa kwa yeyote. Mwenye karakana atakayeniuliza anunue programu ipi, nitamjibu anunue yoyote isiyochanganya vipande kuwa mita, kisha amwajiri mtu mwenye haki ya kumnyima yeye mwenyewe bomba jioni mpaka atie sahihi. Kwani programu iliyomkatalia tajiri wake kitu sijaiona bado.