Wanaohesabu Fuma Huko Nyali

Mgeni anayevuka Daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa aghalabu huwa na jambo moja tu akilini, nalo ni kuogelea. Akifika ufuoni ataona mbali baharini mstari mweupe wa mawimbi yakivunjika mchana kutwa. Huo ndio mwamba wa matumbawe, na ndio unaomwezesha kuogelea kwa raha katika maji matulivu yaliyo upande wa bara.

Wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana mnamo saa nne za asubuhi, wanafunzi wa sayansi ya bahari huingia huko na miwani ya kuzamia, kamba ya mita 10 na kibao cha plastiki cha kuandikia kwa penseli chini ya maji. Kamba hulazwa juu ya mwamba, kisha hupimwa kila kilicho chini yake: tumbawe hai, mwani, mchanga au jiwe tupu. Ni kazi ya mgongo kuungua jua. Mwalimu hawako mbali, kwani makao makuu ya Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Samaki ya Kenya (KMFRI) yako papo hapo jirani, Mkomani.

Lakini kivutio hasa ni fuma, yule mnyama wa mviringo mwenye miiba ambaye kila mtoto wa pwani amewahi kumkanyaga. Fuma hula mwani, na anapoukwangua huusaga na mwamba wenyewe. Wakiwa wachache si neno. Wakizidi, mwamba huliwa.

Anayewapunguza ni samaki, hasa kikande, mwenye meno ya kupasua miiba hiyo. Basi watafiti, akiwemo mwanasayansi Tim McClanahan ambaye amefanya kazi katika miamba ya Kenya tangu miaka ya 1980, walibuni jaribio rahisi mno. Fuma hutobolewa kwa sindano, akafungwa uzi wa nailoni na kuachwa mwambani. Kesho yake mtafiti hurudi kutazama nani ameliwa. Mahali palipolindwa wengi huliwa. Palipovuliwa sana hukutwa wakiwa salama salimini. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 ulionyesha kwamba katika miamba isiyolindwa fuma walikuwa zaidi ya mara 100 ya wale wa miamba iliyolindwa.

Hapa ndipo lilipo zogo. Hifadhi ya Bahari ya Mombasa ilitangazwa mwaka 1986. Sehemu ya kilomita 10 mraba hivi haivuliwi kamwe; kando yake kuna eneo la kilomita 200 mraba ambako uvuvi wa kienyeji umeruhusiwa. Marufuku ilipoanza kutekelezwa kwa dhati mwanzoni mwa miaka ya 1990, wavuvi walipoteza zaidi ya nusu ya maji yao, na wengi waliacha kazi. Mvuvi mwenye watoto wa kulisha haambiwi habari za kikande akaridhika.

Walakini, utafiti wa baadaye uligundua kwamba madema yaliyotegwa karibu na mpaka wa hifadhi yalipata samaki zaidi kuliko ya mbali, hasa tafi na changu waliokuwa wakivuka kutoka ndani. Kwa maoni yangu huo ni ushahidi mzuri, ila ulimfaa aliyebaki baharini. Aliyeuza ngalawa yake hakupata chochote.

Na kuna adui asiyejua mpaka. Mwaka 1998 bahari ilipata joto kupita kiasi kwa sababu ya El Niño. Matumbawe yalifukuza vijimea vinavyoishi ndani yake na kuyapa chakula na rangi, yakawa meupe kama chokaa, na mengi yakafa, ndani ya hifadhi na nje. Tangu hapo wanafunzi wamerudia mistari ile ile ya mita 10 kutazama kilichoota upya, na joto limerudi pia, ikiwemo mwaka 2016 na 2024.

Anayetaka kujionea na ajilipie kiingilio cha hifadhi, achukue mashua yenye sakafu ya kioo, na akishuka mwambani avae viatu. Matumbawe yasikanyagwe hata hivyo: tawi la urefu wa kidole huenda limechukua miaka kadhaa kuota.