Mkono wa Mwalimu na Mkono wa Mshonaji

Usiku mmoja wa Julai, nikisahihisha mitihani ya mwaka wa kwanza, mkono wangu wa kuume uligoma. Kidole gumba na viwili vinavyokifuata vilikufa ganzi, kalamu ikaanguka. Niliendelea hivyo hivyo kwa wiki tatu, kwani matokeo yalikuwa na tarehe yake.

Rafiki alinishauri nikamwone mtaalamu wa kairopraktiki, tiba ya kunyoosha viungo kwa mikono iliyoasisiwa na Daniel David Palmer huko Davenport, Iowa, mwaka 1895. Palmer aliamini kuwa maradhi mengi hutokana na pingili za uti wa mgongo kuhama mahali pake, dai ambalo sayansi haikulithibitisha. Kwa maumivu ya kiuno tiba hiyo huwafaa baadhi ya watu. Kwa mshipa wa fahamu uliobanwa kifundoni, ushahidi ni haba. Hata hivyo nilikwenda. Nilitoka mwepesi, na siku ya tatu ganzi ikarudi, maana siku ya pili nilikuwa nimerejea kwenye rundo lile lile la karatasi. Simlaumu mtaalamu. Hakuna mikono inayoweza kunyoosha asubuhi kile ambacho kazi inakipinda kutwa.

Daktari wa hospitali alinieleza kuwa mshipa huo hupita katika njia nyembamba ya kifundo cha mkono. Kano zikivimba kwa mwendo usiokoma, hubanwa. Akanipa kigango cha kuvaa usiku, akaniamuru kupumzika. Bima ikalipa.

Hapo nikamkumbuka mama. Kwa miaka thelathini alishona sare za shule kwa cherehani, barazani. Usiku alikuwa akiamka na kuukung'uta mkono wake gizani. Sisi tulisema ni baridi yabisi, tukamwita mkandaji.

Ndugu msomaji, jambo hili si geni duniani. Mwaka 1713, tabibu wa Italia Bernardino Ramazzini aliandika kuwa waandishi huumizwa na mambo matatu: kukaa kutwa, kuusogeza mkono daima kwa namna moja, na kuikaza akili. Mwaka 2010 Shirika la Kazi Duniani liliuweka ugonjwa huu wa kifundo katika orodha yake ya magonjwa yatokanayo na kazi. Nasi tunayo Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008. Lakini sheria hiyo humtazama mwenye mwajiri. Mshonaji wa barazani, msusi na mama mgonga kokoto hawana mwajiri wa kuwachangia, na ndio wengi.

Tangu enzi za "Uhuru na Kazi" hadi "Hapa Kazi Tu", taifa limeisifu kazi bila kuuliza inaufanya nini mwili unaoitenda. Tunafarijiana kwamba mchumia juani hulia kivulini. Kivuli hicho hakiji chenyewe. Hujengwa kwa bima, kwa kliniki na kwa sheria inayomtambua asiye na mwajiri.

Mwezi uliopita nilimpeleka mama kwa daktari yule yule. Msuli wa shina la kidole gumba umekwisha sinyaa; yeye aliyeshona vifungo vya maelfu ya watoto hawezi tena kufunga kimoja cha gauni lake. Daktari alimuuliza kwa upole mbona hakuja mapema.

"Mwanangu," alijibu, "mimi nilidhani ni kazi tu."