Mtoto Hulia, Mzee Hunyamaza



Kila inapokaribia likizo ya Desemba, waumini hutujia katika ofisi ya msikiti na swali lile lile: je, yafaa kwenda Umra na wazee pamoja na watoto wadogo katika safari moja? Wengine huwa wamekwisha kushauriwa na jamaa zao kwamba wachague, ama wazee ama watoto. Sisi tulikwenda na wote. Tulikuwa watu sita: mume na mke, binti yetu wa miaka 6, mdogo wake ambaye hata miaka 2 alikuwa hajaitimiza, na Babu na Bibi yao kutoka Pangani. Tumerudi salama, alhamdulillah. Lakini tumerudi na somo tulilolipata kwa gharama, na tumeona si haki kulificha, ingawa ndani yake mna aibu yetu.

Tukiri mapema: maandalizi yetu karibu yote yalikuwa ya watoto. Tuliwafungia begi lao peke yao, lenye pampasi, maziwa ya unga, nguo za kubadili, dawa ya homa, na vikuku vya kitambaa tulivyoviandika namba ya simu na jina la hoteli ya Makka. Tuliwaendea masheikh na maswali yao. Tukaelezwa kuwa Umra ya mtoto inasihi, kwani mwanamke mmoja alimnyanyulia Mtume (s.a.w.) mtoto akamuuliza kama naye ana Hija, akajibiwa kuwa anayo, na yeye mama ana ujira. Tukaelezwa pia kuwa ibada hiyo haimwondolei mtoto faradhi atakapobaleghe, na kuwa asiyejitambua hutiliwa nia na walii wake. Hata suala la pampasi na twahara ya tawafu tuliliuliza, wala hatukuona haya.

Kwa wazee tulihakikisha mambo mawili tu: pasipoti, na chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Baba alikwea minazi mpaka alipovuka miaka 60. Mama hadi leo huamka kabla ya adhana na kufagia uwanja. Watu wa namna hiyo, tulijiambia, wanajijua wenyewe, na huenda wao ndio watakaotuchosha sisi.

Tuliondoka Dar es Salaam jioni, tukabadilisha ndege Addis Ababa usiku wa manane. Mji ule uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na baridi yake ya Desemba haimwonei huruma mtu wa pwani. Hapo ndipo wanaume tulipovaa shuka za ihramu, tukingoja kutia nia ndege itakapokaribia mikati. Baba alikaa kwenye kiti cha chuma, mabega ameyakunja ndani ya zile shuka mbili nyeupe. Blanketi tulikuwa nalo, lakini lilikuwa juu ya mtoto. Mwanamume aliyehirimia hukatazwa kufunika kichwa na kuvaa nguo iliyoshonwa kwa umbo la mwili. Kujitanda blanketi mabegani hakukatazwi. Hilo tulilisoma chuoni, na usiku ule halikutujia.

"Baba, u hali gani?" tukamuuliza.

"Sina neno, wanangu. Shughulikieni watoto."

Tukashughulikia watoto. Mdogo alikuwa akilia kwa maumivu ya masikio tangu ndege ilipoanza kushuka, na kilio chake kilitufanya tuzunguke kiwanja kizima kutafuta maji ya moto ya maziwa yake. Katika pilika hizo binti yetu alikuja akatuvuta nguo. "Babu hanywi maji," akasema. "Yake kanipa mimi." Tukamwambia amshukuru Babu, tena asimsumbue.

Jeddah tulisimama mbele ya mashine ya alama za vidole. Mama amesuka mikeka na kupalia mihogo umri wake wote, na ncha za vidole vyake zimelainika kama kokoto za ufukweni. Mashine haikusoma. Ofisa akampa kitambaa ajifute, akajaribu tena, kisha kidole kingine, kisha mkono wa pili. Nyuma yetu mstari ulirefuka. Mama akatugeukia akasema, "Nisameheni wanangu, vidole vyangu vinawachelewesha." Tulicheka, tukamwambia hapana tatizo, na baada ya muda alipita. Hatukujiuliza ni mambo mangapi mengine aliyokuwa akiyaombea msamaha moyoni bila kuyasema.

Tulifika Makka kabla ya alfajiri. Watoto wote wawili walikuwa wamelala fofofo, na sisi tukaona hiyo ndiyo fursa. Tuliwahi kusikia wazazi wakisimulia tawafu iliyovurugwa na vilio, basi tukakata shauri: tuweke mizigo, tuswali Alfajiri katika Msikiti Mtakatifu, kisha tufanye Umra wakati watoto wangali usingizini. Wazee hatukuwauliza. Tuliwatangazia.

Tawafu ilikwenda vizuri. Baba alipoiona Kaaba alisimama, machozi yakamtiririka, na sisi tukadhani ule mtetemeko wa miguu yake ni wa unyenyekevu tu. Tukaingia katika sa'yi. Kutoka Safa hadi Marwa ni kiasi cha mita 450, na mizunguko saba hufanya zaidi ya kilomita 3. Katika mzunguko wa nne, tukitokea Marwa kuelekea Safa, Baba aliegemea nguzo, akateremka taratibu mpaka chini, na macho yake yakawa hayatuoni. Binti yetu akazinduka mgongoni akaanza kupiga kelele. Mama alipiga magoti akakichukua kichwa cha mumewe, akakilaza mapajani pake.

Watu wema wasiojua hata lugha yetu walileta kiti cha magurudumu na maji ya Zamzam, na Baba akapelekwa kwenye zahanati iliyo karibu, akatundikiwa dripu. Daktari alipouliza kupitia kwa mkalimani juu ya dawa anazotumia, ndipo tulipoufahamu ukweli. Baba ana shinikizo la damu, na miongoni mwa dawa zake mna kidonge kinacholeta mkojo. Hakukimeza tangu tulipotoka Dar es Salaam. Maji naye aliyaacha, akawa analowanisha midomo tu.

"Choo cha ndege kiko mbali, na watu wamelala," alitueleza kwa sauti ndogo. "Nitawaamsha wangapi? Nanyi mna watoto. Nikasema nisiwe mtoto wa tatu."

Hatukuwa na la kumjibu. Mwenye jibu alikuwa binti yetu, ambaye alitutazama kwa mshangao: "Si niliwaambia Babu hanywi maji?"

Siku ile, tumekaa kando ya kitanda cha zahanati, tulikumbuka hadithi mbili ambazo kila mwanafunzi wa chuo cha dini hupitia. Ya kwanza ni kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akiingia katika swala akitaka kuirefusha, akasikia kilio cha mtoto, akaifupisha kwa kumhurumia mama yake. Ya pili ni kwamba aliposhtakiwa maimamu wanaorefusha swala, alighadhibika, akaamrisha wanaoswalisha wapunguze, kwa kuwa nyuma yao yumo aliye dhaifu, aliye mzee na mwenye haja. Tumezisoma hizi mara nyingi kama hukumu za uimamu. Hatukuwahi kuziweka pamoja na kuutazama upande huu: mtoto alimsikia analia, na kilio kile kikamtosha. Wazee aliwawekea amri, kwa sababu mzee aliyechoka safuni halii. Atasimama mpaka aanguke.

Sisi tulikuwa maimamu wa msafara wetu mdogo, na tuliuendesha kwa kufuata kilio. Aliyelia alihudumiwa. Aliyenyamaza tukamhesabu kuwa mzima. Na Qur'ani imetukataza tusiwaambie wazazi wetu hata neno dogo la kuchoshwa nao. Neno hilo hatukulisema kwa midomo. Lakini mzee akituona tunavyohangaika, tunavyotazama saa na kusukuma mabegi, hulisikia bila kutamkwa, akaanza kujipunguza ili asituzidishie mzigo.

Jioni Baba alipata nafuu, na hofu yake haikuwa juu ya mwili wake. Ilikuwa juu ya Umra yake. Angali katika ihramu, na mizunguko imebaki. Sheikh wa msafara akamtuliza: katika madhehebu ya Imamu Shafi, kufuatanisha mizunguko ya sa'yi ni sunna, si sharti, atapumzika, aendelee pale alipokatikia, kisha apunguze nywele na kutoka katika ihramu. Akaongeza kuwa ni vyema atumie kiti cha magurudumu. Baba akakataa. Alisema hakuja nyumba ya Mola wake kusukumwa kama gunia la nazi.

Tulijaribu hoja zetu. Tulimkumbusha kuwa Mtume (s.a.w.) mwenyewe alitufu juu ya ngamia katika Hija ya kuaga, na kwamba Mama wa Waumini Ummu Salama alipougua aliambiwa atufu nyuma ya watu akiwa amepanda mnyama. Baba alisikiliza kwa adabu, akanyamaza. Kunyamaza kule sasa tulikuwa tumeanza kukuelewa.

Aliyemaliza shauri ni Mama. Yeye alikwisha kukamilisha Umra yake, na miguu yake ilikuwa mizima. Kesho yake tulipofika Safa, alikwenda moja kwa moja kwenye viti, akaketi katika kimoja, akapanga baibui lake magotini, akamwambia mumewe: "Kiti hiki si kibaya. Njoo ukae hapa kando yangu, nikusindikize." Baba akamtazama kwa muda mrefu. Kisha akaketi. Tukawasukuma wote wawili katika njia ya katikati iliyotengewa viti, mume anasukuma kimoja na mke kingine, mdogo mgongoni, na binti yetu akitembea katikati ameshika mkono wa Babu na wa Bibi. Akauliza kwa nini watu wanakwenda huku na huku. Baba, kutoka kitini, akamsimulia habari za Bi Hajara na mwanawe aliyekuwa na kiu, jinsi mama yule alivyokimbia kutafuta maji, na jinsi Allah alivyoyatoa palipokuwa na mtoto. Binti yetu akawaza kidogo, kisha akampa Babu chupa ya Zamzam. "Basi na wewe unywe," akasema. Babu akanywa mpaka nusu.

Siku zilizobaki tulizipanga upya. Maji tuliyafungamanisha na adhana: kila ikiadhiniwa swala, kila mmoja anakunywa, mkubwa na mdogo, na hakuna anayeulizwa kama ana kiu. Dawa za Baba zilikaa katika begi moja na dawa za watoto, zikatolewa saa moja. Mambo ya faragha tuligawana: mwana aliulizana na baba yake, mkwe na Mama, pembeni, bila hadhira. Hatukuuliza tena, "Mmechoka?" kwa kuwa jibu la swali hilo kwa mzazi wa Kiswahili ni moja siku zote. Tulisema, "Sisi tumechoka, tukae." Nao walikaa. Wakati wa kurejea tuliomba mapema viti vya wazee viwe vya kando ya njia na karibu na choo, na tukaomba kiti cha magurudumu kiwanjani. Tulipewa vyote kwa kuomba tu, nasi wakati wa kwenda hatukuwa tumeomba.

Basi tunawajibu wanaotuuliza: naam, yafaa, tena ni neema kubwa. Mtoto anayeswali kando ya Babu yake mbele ya Kaaba amepata urithi usiogawanywa na kadhi. Lakini msiende kabla ya kuketi na wazee wenu, kila mmoja peke yake, mkajua dawa zao, usingizi wao na haja zao kama mnavyojua za watoto. Msipange ibada kwa kufuata usingizi wa mtoto peke yake. Umra hailazimiki kufanywa saa ile ile mnayofika. Aliye katika ihramu anaweza kulala, akala, akaoga, kisha akaenda na nguvu zake. Na mkiwa na mtoto mwenye maneno mengi, msikilizeni. Huenda ndiye pekee anayemtazama Babu.

Dua tuliyofundishwa kuwaombea wazazi wetu inataja malezi yao kwetu tulipokuwa wadogo. Zamani tulidhani kumbukumbu hiyo ni ya shukrani tu. Sasa tunaona ina mafunzo ya kazi pia. Walitulea wakati hatujui kusema tunachohitaji, nao wakajifunza kukijua. Leo wanajua kusema, lakini wanatuonea huruma. Zamu ya kujifunza imetufikia.