AC ya nini Mbeya?

Nimepotea wiki kadhaa na mshikaji mmoja keshaanza kuvumisha kwamba nimeolewa kimyakimya. Hamna lolote. Nilikuwa gereji, nafungisha AC kwenye Peugeot 504 ya Baba.

Najua mnacheka. Kila niliyemwambia hapa Mbeya alicheka. Mji huu uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Juni tunalala na blanketi mbili. Kijana mmoja wa spea pale Mwanjelwa aliniuliza taratibu, kwa huruma kabisa: "Sista, una uhakika hutaki hita?"

Sasa ngoja niwaambie ilivyoanza. Novemba iliyopita tulikuwa tunakwenda Morogoro kwenye harusi. Tukashuka Kitonga salama, tukafika Ruaha Mbuyuni kama saa 8 mchana. Mnaolijua lile bonde mnajua. Vioo vyote viko chini lakini upepo unaoingia ni kama wa jiko la mkaa. Baba akanyamaza. Ana miaka 76, anatumia dawa za presha, na huwa hanyamazi ndani ya gari. Kila daraja lina hadithi yake. Nilipogeuka kumtazama, kichwa kimelalia kioo na midomo imekauka. Tulimtoa tukamlaza kivulini, akina mama wauza vitunguu wakakimbia na madumu ya maji. Alipozinduka neno lake la kwanza lilikuwa: "Gari umezima?"

Daktari akasema joto la namna ile asiligeze tena. Sawa, ila kliniki yake iko Dar, kila baada ya miezi mitatu. Basi hataki. Ndege alipanda mara moja kutoka Songwe, akalalamika kwamba kalipia nauli kutazama mawingu. Niliwahi kupendekeza auze 504 tutafute Toyota yenye AC yake. Siku mbili hakuniamkia wala kuitikia shikamoo yangu.

Ile 504 aliinunua mwaka 1986, ikiwa imetumika, kwa mhandisi mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Nyeupe, gia kwenye usukani, injini ya cc 1971. Baba ni mwalimu mstaafu na Peugeot kwake ni somo kamili. Atakwambia Bert Shankland, dereva aliyekuwa akiishi Tanzania hii hii, alishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404. Atakwambia Ove Andersson alishinda mwaka 1975 kwa 504. Ukimwacha atakueleza hadi springi. Na gari hilo, anasema, halijawahi kutobolewa tundu ambalo Mfaransa hakulitoboa.

Hapo ndipo kesi ilipokuwa. AC ya kufunga baadaye lazima utoboe. Kompresa inakaa mbele ya injini ikizungushwa na mkanda. Inaisukuma gesi kwenye kondensa, ile inayofanana na rejeta, ambayo unaifunga mbele ya rejeta yenyewe. Pale gesi inatoa joto na kuwa kimiminika. Halafu inapita kwenye tundu dogo sana, inapanuka ghafla na kuwa baridi, inaingia kwenye rejeta nyingine ndogo ndani ya gari, feni inapuliza, na wewe unaburudika. Tatizo ni kwamba mabomba mawili lazima yapenye ule ukuta wa bati kati ya injini na miguu yenu. Matundu mawili. Baba akasema Mfaransa angetaka AC angeweka.

Mimi ni mwandishi, kazi yangu kuuliza. Nikachimba, nikarudi na jibu: Mfaransa aliweka! 504 nyingi zilizounganishwa Kaduna, Nigeria, zilikuwa na AC, na hata zilizouzwa Marekani. Baba akaniangalia muda mrefu. "Nigeria kuna joto," akasema. "Na Ruaha Mbuyuni je?" nikamuuliza. Hakujibu, lakini kesho yake asubuhi nilimkuta uani, boneti iko wazi, ameshika chaki, anachora mwenyewe mahali matundu yatakapopita.

Fundi wa kwanza alikuwa hapa hapa Mbeya. Tukatumia kompresa ya Corolla ya mtumba, breketi ikachomelewa kwa chuma cha engo, tukaongeza feni ya umeme mbele na altaneta kubwa zaidi, maana ile ya zamani ilitengenezwa kwa ajili ya taa, redio na basi. Laki nane na ushee, na hapo nimebembeleza. Siku ya tatu likapuliza baridi hadi nikavaa sweta. Nikajiona mjanja ile mbaya.

Ijumaa tukaondoka kwenda Dar, kliniki ikiwa Jumatatu. Tumeshuka kutoka Uyole, tumeingia bonde la Usangu, Chimala hiyo, jua limechachamaa, AC ikaanza kupuliza hewa ya moto. Tukasimama kunywa soda. Tulipowasha tena, baridi! Dakika kumi, ikafa. Tukasimama Igawa, ikarudi, ikafa tena. Baba hakusema kitu. Angesema ningefurahi. Nilikuwa nahesabu: leo tunalala Iringa, kesho kutwa Kitonga, na mimi ndiye niliyetoboa gari lake bure.

Iringa shangazi akatuelekeza kwa fundi mmoja mtu mzima kule Ipogolo. Jumamosi asubuhi tuko kwake. "Kamwene!" akamsalimia Baba, wakaanza kuzungumzia 404 kama watu waliosoma pamoja. Kisha akanisikiliza mimi, hatua kwa hatua, bila kunikatiza. Akafunga geji zake, akatazama, akasema gesi ipo na kompresa ni nzima.

"Tatizo ni maji."

"Maji gani fundi? Hatujaweka maji."

"Hewa ina maji, mwanangu. Huyo aliyekufungia alivuta hewa kwa pampu kabla ya kujaza gesi?"

Nikakumbuka. Hakuwa na pampu yoyote. Alifungua mtungi akajaza. Na kile kichujio kinachonyonya unyevu alikitoa juu ya rafu, kikiwa wazi, na vumbi lake. Basi unyevu uliobaki ndani ulikuwa unafika kwenye lile tundu dogo, unaganda barafu, unaziba njia. Ukisimama barafu inayeyuka, unadhani gari limepona. Na ukiliacha hivyo miezi, unyevu huo huo unazaa asidi inayokula kompresa.

Akaitoa gesi, akaweka kichujio kipya ambacho hakukifungua hadi dakika ya mwisho, akawasha pampu ikavuma karibu saa nzima. Halafu akaizima na akatuacha tukae tu, tunatazama mshale wa geji kama usogee. Haukusogea. Ndipo akajaza R134a, kwa kipimo. Kazi nzima pamoja na kichujio, 180,000. Wakati wa kuondoka akaniambia: kushuka Kitonga washa, lakini kupanda zima, kwa sababu kondensa inaipelekea rejeta hewa ya moto na injini ya mzee ina mzigo wa kutosha.

Jumapili tukapita Ruaha Mbuyuni saa 7 mchana. Baba alisimulia kila daraja. Ni kweli alifungua kioo cha upande wake robo nzima, AC inafanya kazi, kwa sababu eti hewa iliyofungiwa si hewa. Nilinyamaza. Akina mama wa vitunguu tukawasimamia, tukanunua gunia ambalo hatukulihitaji.

Kurudi tulipanga Kitonga tuikute jioni, jua limepoa. Tukazima AC, tukapanda nyuma ya malori ya Zambia mdogo mdogo, mshale wa joto ukapanda kidogo ukatulia.

Kesho yake asubuhi, tumeshaiacha Iringa, Mafinga ikatupokea na ukungu wake. Kioo cha mbele kikajaa mvuke kwa ndani. Hita ya 504 ilikufa zamani, na miaka yote dawa ya Baba ni kitambaa cha flana na nusu kiazi cha kusugulia kioo. Nikiwa mdogo hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Akaanza kupapasa chini ya kiti. Nikakumbuka kwamba AC inakausha hewa, yale maji yanayodondoka chini ya gari ndiyo yanayotoka humo. Nikaiwasha.

"Umechanganyikiwa? Na baridi hii?"

"Subiri kidogo, Baba."

Kioo kikaanza kufunguka kutoka chini kwenda juu, taratibu, misonobari ya Sao Hill ikatokeza pande zote mbili. Baba akakaa na flana mkononi hadi tukakaribia Makambako. Kisha akaikunja mara nne, akaiweka kwenye kasha la dashibodi, akaniambia nipunguze, miguu inamganda.